Tupeane uzoefu: Kuchanja polio mahali pasipotulia

Mleta mada (Goma)

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni reko, yaani mhamasishaji wa afya wa mtaani. Nilianza Masisi, kisha nikaendelea kwenye kambi za waliokimbia vita pembeni ya Goma. Wengi wakisikia polio wanasema ilishakwisha. Ni kweli, tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya porini, yaani vya asili, visivyotokana na chanjo. Lakini huku Kongo watoto wameendelea kulegea miguu kwa virusi vya aina nyingine, na vita ndivyo vinavyovipa nafasi. Aliyebeba kisanduku cha barafu, aliyempeleka mtoto, hata aliyemfungia mchanjaji mlango, aandike alichokiona.

Naanza mimi. Siku moja tulikuwa wawili, mimi na mama mchanjaji, tukasimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani. Kijana mwenye bunduki akataka tufungue kisanduku, tufunge, tufungue tena. Kila kinapofunguliwa joto linaingia. Tulikaa pale kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Yule mama hakubishana naye. Alimuuliza tu kama ana mtoto. Kijana akajibu anaye, wa miezi minane, yuko kijiji cha juu. Mama akamwambia, "Basi huyo ndiye tunayemfuata." Akatupisha.

Tulipofika tukazitazama chupa. Kila chupa ina alama ya duara na mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo bado nzima. Ukilingana nalo au ukazidi kuwa mweusi, hairuhusiwi kumpa mtoto. Chupa mbili zilikuwa zimeharibika, tukaziweka kando huku akina mama waliotoka mashambani wakitutazama. Baadhi yao walirudi hivyo hivyo. Mtoto wa yule kijana naye hatukumpata: mama yake alikuwa amekimbia naye usiku wa kuamkia siku ile.

Mama wa Fizi (sasa Nyarugusu, Kigoma)

Asante kaka kwa kufungua mada hii. Mwanangu wa pili tulikimbia naye vita mara tatu kabla hajatimiza miaka miwili. Matone ya kwanza alipata. Kadi ikaungua na nyumba. Tulipofika mahali pa kupumzika nikampeleka kituo kimoja, nikaulizwa kadi iko wapi. Nikaeleza. Yule mhudumu akanigombeza mbele za watu kwamba mimi ni mama mzembe, nikaona aibu, nikaondoka. Sikurudi. Miezi michache baadaye mtoto alishikwa na homa siku mbili, ya tatu nikamsimamisha akaanguka. Mguu wa kushoto ulikuwa kama kitambaa.

Nimeshalia vya kutosha juu ya hilo. Nina swali: jirani zangu wanasema matone yenyewe ndiyo yanayoleta ugonjwa. Niwajibu nini?

Mleta mada

Pole sana, dada. Kukosa kadi hakukuwa kosa lako, na mtoto asiye na kadi huchanjwa. Matone hayamdhuru mtoto hata akirudia.

Kwa jirani, waambie ukweli wote. Ndani ya matone kuna virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akiyapata, virusi hivyo hutoka kwenye choo chake kwa muda. Watoto wa mtaa wakiwa wamechanjwa, vinakufa hapo. Wakiwa wengi hawajachanjwa, vinahama kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, vinabadilika, mwisho vinapata tena nguvu ya kupoozesha. Mwaka 2016 aina ya pili ya virusi vya polio iliondolewa kwenye matone ya kawaida dunia nzima, kinga dhidi yake ikashuka. Mwaka 2021 yakaanza kutumika matone mapya, yaliyotengenezwa yasibadilike kwa urahisi. Hata hayo, mwaka 2023 virusi vilivyotokana nayo vilipatikana huku Kongo, mikoa ya Tanganyika na Kivu Kusini, na pia Burundi. Mimi simfichi mzazi. Nikimficha, siku akilisikia kwingine hatanifungulia mlango tena, na kinachomwokoa mwanawe bado ni kuchanjwa yeye na wenzake.

Motari wa Bukavu

Mimi si mganga, ni dereva wa pikipiki. Mtoto akilegea ghafla, kinyesi chake kinachukuliwa mara mbili, kati ya moja na nyingine zipite saa 24, na vyote viwe vimepatikana ndani ya siku 14 tangu alegee. Kinawekwa kwenye barafu, kisha natafutwa mimi. Mvua ya Kivu mnaijua. Niliwahi kuvuka mto nimebeba kisanduku kichwani, wenzangu wanasukuma pikipiki. Barieri wakiuliza ni nini, nawaambia ukweli: choo cha mtoto mgonjwa. Hakuna anayeomba kukigusa! Shida ni mbele. Kinatakiwa kifike maabara Kinshasa, na kwa ndege. Goma ilipotekwa Januari 2025 uwanja ukafungwa, na kila siku inayopotea virusi vinatembea.

Mwana Garissa

Mwaka 2013 tuliyaona haya kwetu. Upande wa Somalia, al-Shabaab walikuwa wamekataza wachanjaji kupita nyumba kwa nyumba tangu 2009. Virusi vilipoingia Mogadishu vikakuta watoto wasio na kinga, wakapooza zaidi ya 190 mwaka ule, vikavuka mpaka hadi kambi za wakimbizi za Dadaab. Kenya tulipata wagonjwa 14. Kilichosaidia ni wachanjaji kukaa stendi na njia panda, wakimdaka kila mtoto anayetoka kule.

Mkazi wa Sumbawanga

Nasi Rukwa mwaka 2023 virusi vilipatikana kwa mtoto, wakatupitia nyumba kwa nyumba. Hatuna vita, lakini Ziwa Tanganyika ni moja na watu wanavuka.

Mleta mada

Hilo la njia panda nalichukua. Kambini shida yangu ni kwamba mahema yanahama. Leo naandika watoto kumi, kesho sita hawapo, wamekuja wengine nisiowajua.

Mama wa Fizi

Kaka, usiwafuate kwenye mahema. Kaa bombani saa kumi na moja alfajiri. Mama mkimbizi anaweza kukosa chakula, lakini maji lazima aje kuyachota, na mdogo yuko mgongoni. Na usimuulize kadi kwanza. Msalimie, muulize ametoka wapi.