Naomba ushauri: kivuli katikati ya jicho la kushoto, je, homoni ya kotisoli inahusika?

Mhasibu_Dom
Ndugu wanajamvi, nina miaka 41. Wiki tatu zilizopita, nikifunga hesabu za mwezi, niliona tarakimu ninayoitazama inafifia ilhali za pembeni zinasomeka. Nikifumba jicho la kulia, mistari ya vigae vya jikoni inapinda. Daktari amenipiga picha ya OCT, inayoonyesha matabaka ya ndani ya jicho, akasema maji yamekusanyika chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kisha akauliza kama natumia steroidi. Nilikana. Vinahusianaje? Usingizi nao umepungua mno mwaka huu.

Muuguzi_Macho
Pole, mkuu. Ugonjwa wa namna hiyo ulielezwa na daktari wa macho Albrecht von Graefe wa Ujerumani mwaka 1866: mishipa ya damu iliyo nyuma ya retina huvujisha maji, nayo retina huinuka pale pale tunapotumia kusomea. Huwapata zaidi wanaume wa umri wako. Kotisoli hutolewa na tezi zilizo juu ya figo, na dawa za steroidi huiga kazi yake. Ndiyo maana hata wenye ugonjwa wa Cushing, ambao miili yao huizalisha kupita kiasi, hupatwa nao. Msongo na kukosa usingizi pia vimehusishwa, ila anza kwa kukagua dawa unazotumia. Usihesabu vidonge vya steroidi kama prednisoloni peke yake. Hesabu ya kupuliza puani, ya pumu, sindano ya goti na ya kupaka.

Mhasibu_Dom
Nimetazama kabatini. Tyubu ninayopaka shingoni kwa ajili ya muwasho, tangu mwezi wa pili, imeandikwa betamethasoni, kumbe nayo ni steroidi. Kwangu yalikuwa mafuta tu. Niitupe?

Mama_Wawili
Mwonyeshe daktari kwanza, kaka. Mume wangu, naye alipatwa na ugonjwa huu, aliacha vidonge vya prednisoloni ghafla baada ya miezi mingi, akalegea hata kusimama ikawa shida, kwa kuwa mwili ulikuwa umeshazoea kutozalisha kotisoli yake. Maji ya jichoni mwake yalikauka bila dawa, ingawa rangi nyekundu bado anaiona imepauka.

Muuguzi_Macho
Ni kweli. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi mitatu hadi minne. Ikizidi hapo, ipo tiba ya mwanga. Ukiandikiwa vidonge vya eplerenoni kwa ajili ya jicho hili, uliza sababu, maana jaribio la Uingereza lililochapishwa 2020 halikuona kuwa inashinda kidonge kisicho na dawa. Chora nukta kwenye karatasi ya miraba, uitazame kila asubuhi kwa jicho moja moja, uone kama mistari bado inapinda.

Mhasibu_Dom
Karatasi za miraba ninazo tele. Kliniki ni Alhamisi, na tyubu nimeshaitia mfukoni mwa koti.