Nauza simu ya Android: kufomati peke yake kunatosha?

Pwani_87: Wakuu, nina Samsung ya Android 12, mteja keshapatikana. Ndani kuna WhatsApp, programu ya benki na picha za vitambulisho. Nikifomati, kuna mtu anaweza kuvirudisha? Memori kadi nataka nimwachie kama nyongeza.

KitasaMbili: Kwa Android 12 inatosha, ila kufomati kuwe hatua ya mwisho. Data za simu hizo zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo uliomo ndani ya simu. Ukifomati, simu inatupa ufunguo, na kinachobaki kwenye chipu hakisomeki hata kwa fundi mwenye vifaa. Hofu unayoisikia mitaani ina asili yake: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima simu 21 zilizotumika, za Android 2.3 hadi 4.3, wakaweza kurudisha picha, meseji na hata funguo za kuingilia akaunti za Google baada ya kufomati. Hizo ni simu za zamani.

Memori kadi usimwachie! Kwa kawaida haijasimbwa, na ukiifomati kwenye simu kinachofutika ni orodha ya mafaili tu. Vitambulisho vyako vinarudi kwa programu ya bure. Kama lazima umpe, kwanza ichomeke kwenye kompyuta ya Windows, chagua Format, kisha ondoa tiki kwenye Quick Format. Itachukua muda, iache imalize.

mama_IT: Naongezea mpangilio, maana wengi wanakwama hapa. Kwanza hifadhi nakala ya WhatsApp, uwashe na uthibitishaji wa hatua mbili (ile PIN ya tarakimu 6). Pili, kama unatumia programu inayozalisha namba za siri za kuingilia akaunti, zihamishe kwenye simu mpya sasa hivi. Zisipokuwa na nakala mtandaoni, zinakufa na simu na wewe unabaki nje ya akaunti zako.

Halafu toa akaunti ya Google na ile ya Samsung kwenye sehemu ya akaunti ndani ya mipangilio. Usiruke hii. Tangu Android 5.1 kuna kinga dhidi ya wezi: simu iliyofomatiwa kwa vitufe bila kutoa akaunti inawaka ikidai nenosiri la mwenye nayo wa kwanza, na mnunuzi atakurudia akidhani umemuuzia simu ya wizi. Ukishazitoa, ingia usimamizi wa jumla, kuweka upya, futa data zote. Ikiwaka na kukukaribisha bila kuulizia PIN au barua pepe ya zamani, iko safi. Izime hapo hapo, usiiweke akaunti yako tena "kujaribu".

Pwani_87: Shukrani. Picha nianze kuzifuta moja moja kabla?

mama_IT: Hapana! Kama Google Photos imewashwa kuhifadhi nakala, ukifuta picha ndani yake inafutika na kule mtandaoni. Acha kufomati kuifanye kazi hiyo.

KitasaMbili: Na laini itoke, hata kama mnunuzi anaomba umwachie "ya kupigia tu". Imesajiliwa kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA, atakachofanya nayo kinakuhusu. Andikishaneni karatasi yenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu, piga *#06# uione) na tarehe ya mauzo.

jirani_wa_fundi: Mimi yangu kioo kimekufa kugusa, ila kinaonyesha. Nafomatije?

KitasaMbili: Nunua kichomeo cha OTG (kile cha kuunganisha vifaa vya USB na simu), chomeka mausi ya kawaida ya USB, mshale utatokea kwenye kioo, fuata hatua zile zile. Kuifuta kwa mbali kupitia Google kunawezekana, ila ile kinga ya akaunti inabaki, kwa hiyo kwa simu ya kuuza mausi ni bora. PIN iandike wewe mwenyewe, usimtajie fundi.