Kompyuta ya mezani inaganda na kujizima ovyo, nianzie wapi kutafuta ubovu?

Kishale:
Wakuu, salaam. Naombeni msaada wa mawazo, mashine hii ndiyo inayonipa kazi na watoto wanaisomea. Ni kompyuta ya mezani, Windows 10, ina SSD (diski ya kasi) inayotumia waya wa SATA na diski ya kawaida ya kuwekea mafaili, RAM vipande viwili.

Tatizo lina sura mbili. Ya kwanza, inaganda. Kishale cha mausi kinatembea vizuri, ila ukibofya kitu hakifunguki. Inakaa hivyo kama nusu dakika, halafu kila ulichobofya kinafunguka kwa mkupuo. Ya pili inanitisha zaidi: inakata ghafla na kujiwasha yenyewe, hakuna skrini ya bluu wala onyo lolote.

Nimeshapiga Windows upya, draiva nimesasisha, antivirasi haioni kitu. Fundi mmoja kaniambia mazabodi (ubao mkuu wa ndani) imekufa, nitafute nyingine. Kabla sijatoa hela, nianzie wapi?

Nyundo Ndogo:
Pole mkuu. Usinunue chochote kwa sasa. Kama Windows ni mpya na ugonjwa ni uleule, uwezekano mkubwa ni kifaa, si programu. Ila kabla ya kupima lolote, nakili mafaili yako ya maana kwenye diski ya nje, leo hii. Vipimo vingine vinaichosha diski, na kama ndiyo mgonjwa unaweza kuipoteza ukiwa unaitafutia dawa.

Bi Swichi:
Nakubaliana na Nyundo. Naongeza hili: kuganda na kukata usivichukulie kama ugonjwa mmoja. Vinaweza kuwa viwili tofauti, na ndiyo maana watu wanabadilisha kifaa, wanaona bado inasumbua, wanakata tamaa.

Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nenda Windows Logs, kisha System. Utakuta Kernel-Power 41 kwa rangi nyekundu. Wengi wakiiona hiyo wanakimbilia kununua pawa saplai, lile boksi linaloipa mashine umeme. Inachosema ni kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu tu, sababu haiitaji. Soma yaliyoandikwa dakika chache kabla yake. WHEA-Logger ni prosesa au mazabodi kulalamika. Namba 129 au 153 ni habari za diski.

Na ikiganda tena, usiguse kitu. Tazama taa ya diski pale mbele ya kasha. Inapepesa, imezima, au imewaka moja kwa moja?

Kishale:
Dada, asante sana. Imeganda jioni hii na nimeitazama: taa imewaka moja kwa moja, haipepesi hata kidogo, mpaka ilipoachia. Kwenye System nimekuta 129 nyingi kutoka storahci, ile draiva ya diski za SATA, maneno yake ni "Reset to device". WHEA hakuna hata moja. Kukata nako nimegundua kunakuja zaidi watoto wakiwa kwenye gemu, ukiandika barua tu haikati.

Mpima Joto:
Hiyo 129 maana yake Windows iliiomba diski data, ikasubiri, haikujibiwa, ikaamua kuianzisha upya. Kwa hiyo kuganda kwako kuko kati ya diski na mazabodi.

Sakinisha CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, humo chagua SSD, kisha ile diski nyingine. Angalia mistari mitatu. 05 ni sekta zilizohamishwa kwa ubovu, C5 ni zile zinazosubiri kuamuliwa. Hizo zikipanda, diski inaaga. C7 ni makosa ya mawasiliano njiani, na mara nyingi hayo ni waya wa SATA au tundu lake. C7 hairudi sifuri hata ukitengeneza, kwa hiyo andika namba ya leo ulinganishe baadaye. Programu inaonyesha kwa hesabu ya 16, usishangae kuona herufi: 1A ni 26.

Kumbukumbu Njema:
Msiisahau RAM jamani. Zima XMP (inayoiongezea RAM kasi) kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache ipime usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Likitokea, toa vipande vyote, pima kimoja kimoja.

Bi Swichi:
Apime, sipingi, RAM mbovu inaweza kufanya lolote. Ila kukata wakati wa gemu bila skrini ya bluu, mimi naanza na joto na pawa saplai. Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na volti, gemu ikiwa inaendelea. Prosesa nyingi zinajipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100. Volti 12 isitoke nje ya 11.4 hadi 12.6, ingawa vipimo vya mazabodi si vya kuapia. Uhakika ni kuazima pawa saplai nzima. Ya kwako usiifungue, kapasita zake zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Kishale:
Wakuu, mrejesho. 05 na C5 ni sifuri kote, C7 ya SSD ilikuwa juu. Nimebadilisha waya wa SATA na tundu, C7 imesimama palepale na kuganda kumekwisha. MemTest86 haikuona kosa. Joto la prosesa kwenye gemu ni la kawaida. Kukata ndiko kumebaki, na jirani yupo tayari kuniazima pawa saplai. Ni ile ya nyaya za kuchomoa, na zangu ni za kuchomoa pia, kwa hiyo nafikiria nibadilishe boksi tu, nyaya zibaki.

Mpima Joto:
Hapana mkuu, usifanye hivyo! Nyaya za kuchomoa za pawa saplai moja si za nyingine, hata zikiingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa boksi hutofautiana, na unaweza kuunguza SSD na diski zote kwa kuwasha mara moja. Toa za zamani zote, funga alizokuja nazo jirani, ndipo uwashe gemu.

Kishale:
Nimeelewa. Nangoja aje na nyaya zake zote.