Tupeane uzoefu: kadi za besiboli za Nolan Ryan, ulizipataje na thamani yake uliijuaje?

Mlezi wa Usiku, Houston

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wachache wetu tuliokolea kwenye kadi za besiboli, vile vikaratasi vigumu vyenye picha za wachezaji, hasa tulioko huku Texas. Naomba tubaki na mtu mmoja tu, Nolan Ryan. Tukianza kuchanganya na wengine hatutamaliza.

Kwa asiyemfahamu: alikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mwenye gongo. Alizaliwa Refugio, akakulia Alvin, mji mdogo kusini mwa Houston. Alicheza misimu 27 kati ya 1966 na 1993, akapitia timu za Mets, Angels, Astros na Rangers. Wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu waliyoikosa au kuiacha, ni 5,714, na hakuna mrushaji mwingine aliyefika huko. Mechi 7 alizimaliza bila wapinzani kupata pigo hata moja la salama, na ya mwisho, Mei 1991, alikuwa na miaka 44! Hapa Houston huwezi kukaa na wazee jina hilo lisitajwe.

Mimi nilikuwa nikimlea mzee mmoja nyumbani kwake, zamu ya usiku. Hakuwa msemaji, lakini ukimtajia Astrodome, ule uwanja wa Astros hapa Houston, anakaa wima kitandani. Alikuwemo uwanjani Septemba 26, 1981, Ryan alipowanyima Dodgers pigo hata moja, na kila aliponisimulia alinionyesha kwa mkono ule mpira wa kupinda ulivyokuwa ukizama. Alipofariki, binti yake aliniita, akanikabidhi boksi la viatu. Akasema baba alishaagiza kuwa hili ni la yule kijana wa usiku.

Ndani kulikuwa na mafungu ya kadi yaliyofungwa kwa rababendi. Rababendi zenyewe zilishakauka na kugandia kwenye karatasi. Nilizikata kwa kimkasi cha kucha, moja moja, nikiwa nimeshika pumzi. Fungu la pili, kadi ya tatu kutoka juu: vijana wawili kwenye kadi moja, pembeni pamechorwa kama nyuzi za gunia la katani. Kushoto Jerry Koosman, kulia Nolan Ryan. Ya kampuni ya Topps, 1968, namba 177.

Hiyo ndiyo kadi yake ya ruki, yaani ya kwanza kabisa. Enzi hizo Topps walikuwa wakiwaweka wachezaji wapya wawili au watatu pamoja, ndiyo maana hayuko peke yake. Na Koosman msimdharau, alishinda mechi 222 katika maisha yake. Ila bei inapandishwa na huyo wa kulia.

Kosa langu nalisema ili lisimpate mwingine. Humo humo kulikuwa na Ryan wa 1971, namba 513, ambaye kingo za kadi yake ni nyeusi tupu. Nikaona ina vumbi, nikaipitishia kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Weusi ukabanduka ukingoni, weupe wa karatasi ukachungulia. Mzee aliitunza miaka yote ile, mimi nikaiharibu kwa dakika moja. Iliniuma sana. Kadi ya zamani haifutwi, hainyooshwi, haigusiwi gundi.

Ile ya 1968 niliipeleka kwenye duka moja la kadi. Mwenye duka aliitazama kwa mbali, akasema dola 100. Nikamshukuru, nikaondoka nayo. Nikaituma kwa PSA, ambao wanapima hali ya kadi kuanzia daraja la 1 hadi la 10 kisha wanaizibia kwenye kasha la plastiki. Ikarudi na 3. Nilipoiangalia vizuri nikawaelewa: kwenye ukingo wa juu na wa chini kuna vijishimo viwili, pale pale rababendi ilipokaza. Na picha haijakaa katikati. Nilipima kwa rula, ukingo wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa upana karibu mara mbili. Hilo la katikati halina lawama kwa mzee, kadi ilikatwa hivyo kiwandani. Hata hivyo, kadi za daraja hilo hilo nilizokuta zimeuzwa karibuni zilifika mara nne ya ile dola 100.

Mfahamu tofauti ilivyo: kadi hii hii, ya daraja la 10, iliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa zaidi ya dola 600,000. Wino ni ule ule. Kinacholipiwa ni pembe nne zilizobaki kali na picha iliyokaa katikati, baada ya karibu miaka 50.

Haya, leteni na zenu.

Fundi Saa, Dallas

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nilipigwa.

Nilinunua 177 kwenye gulio la Jumamosi. Muuzaji alikuwa na maneno matamu, na kadi ilikuwa imechakaa kwa namna ya kumtia mtu imani. Nikatoa dola 250 taslimu. Nilipofika nyumbani nikachukua lenzi yangu ya kazini, ile ninayofungulia saa, nikaiweka juu ya jina la Ryan.

Sikilizeni hapa, maana hili litawaokoa. Kwenye kadi ya kweli ya miaka ile, picha imejengwa kwa nukta nukta za rangi, ila maandishi meusi ni wino mzito uliojaa, ukingo wake mkali. Kwenye kadi iliyonakiliwa kwa mashine, hata herufi zenyewe ni nukta. Yangu ilikuwa nukta kuanzia jina hadi pembeni. Nikakaa nayo mezani hadi usiku.

Kingine ni kwamba Topps wenyewe walichapa upya kadi za Ryan mwaka 1999, na hii imo. Hizo si za kughushi, ni ukumbusho wa halali, lakini zinang'aa na ni jambo jingine kabisa. Msiuziwe kwa bei ya 1968.

Siku hizi situmii senti kabla lenzi haijapita. Na kabla ya kutaja bei natazama kadi zilizokwisha kuuzwa, sitazami zile ambazo mtu ameziwekea bei anayoitamani. Anayeomba dola elfu mbili anaweza kuiomba mwaka mzima na asipate mteja.

Mama wa Arlington

Habari zenu wanangu. Mimi mwenzenu nimeingia huku kwa sababu ya mtoto. Ana miaka 11, nyumbani kwetu tuko karibu na uwanja wa Rangers, na mwalimu wake alimpa kadi moja ya Ryan kama zawadi ya kusoma vizuri. Tangu siku hiyo hatulali.

Tulinunua boksi zima la Topps za 1990, halijafunguliwa, nikidhani nimemwekea mwanangu akiba ya chuo. Baadaye nikaelezwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kadi zilichapwa nyingi kupita kiasi, na kila mtu aliziweka kabatini kama akiba. Zimejaa hadi leo. Kwa hiyo akiba hakuna.

Lakini tulilifungua. Kadi namba 1 ni Ryan, halafu namba 2, 3, 4 na 5 ni Ryan tena, kila moja na timu yake: Mets, Angels, Astros, Rangers. Ilituchukua jioni tatu kuzipata zote tano. Ile ya Astros ilipotoka, mtoto alipiga ukelele hadi jirani akagonga mlango. Amezipanga kwenye albamu ya kurasa za plastiki na anaweza kukwambia Ryan alihama lini na kwa nini. Kwamba Mets walimtoa Desemba 1971 wakamchukua Jim Fregosi, anaisimulia kama msiba wa nyumbani kwao.

Ushauri wangu kwa wazazi: nunueni hizo za bei ya chini wala msione haya, mradi mnajua mnanunua nini.

Kaka wa Tanga

Nasoma tu huku nyumbani. Dada yangu alinitumia chache toka Marekani, zimeanza kujikunja kama chipsi za ndizi. Nifanyeje?

Mlezi wa Usiku, Houston

@Kaka wa Tanga pole, hata Houston unyevu ndio adui. Kila kadi ivae mfuko laini wa plastiki kwanza, kisha iingie kwenye kava gumu. Zilaze ndani ya kopo linalofunga vizuri, utie na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mbali na ukuta wa nje, mbali na jua. Usiweke kitabu juu yake ukitaka zinyooke, utazivunja.

Mama, umenifurahisha sana. Mwambie kijana Fregosi naye alikuwa mchezaji mzuri, asimchukie.

Dereva wa Lori, Ontario

Wakuu, nimesoma uzi wote nimesimamisha gari kwenye kituo cha mafuta. Nina 177 niliyoipata kwenye mnada wa kanisa, ndani ya albamu ya vitu mchanganyiko. Lenzi ninayo, herufi zimejaa wino. Ila mgongo wake ni wa manjano kali, si kama wa picha ninazoziona mtandaoni. Ni feki?

Fundi Saa, Dallas

Usiitupe! Mwaka ule ule Milton Bradley walikuwa na mchezo wa nyumbani uliotumia kadi hizi, na mgongo wake una manjano ya kung'aa zaidi. Halafu huko huko uliko, kampuni ya O-Pee-Chee ya London, Ontario, ilichapa toleo lake la Kanada, na hilo ni adimu kuliko la Topps. Igeuze, tazama chini kabisa kwenye maandishi madogo.

Dereva wa Lori, Ontario

Nimeigeuza chini ya taa ya kabini. Herufi ndogo mno, lakini neno lipo: Canada. Mikono inanitetemeka. Naitia kwenye mfuko kwanza, kahawa nimeisogeza mbali.