Nina diploma ya hali ya hewa: digrii nisome hali ya hewa au sayansi ya bahari?

BintiPangani
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, na wale wa kejeli piteni kimya kimya.

Nina miaka 27, mwajiriwa wa serikali. Nilisoma diploma Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma, sasa nipo kituo cha uwanja wa ndege mmoja huku bara. Kazi yangu ni kupima joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, upepo, kuangalia mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za anga, kisha kutuma taarifa kila saa. Kazi naipenda kweli. Shida ni kwamba hapa nilipo ndiyo nimefika mwisho. Wanaokuja na digrii wanakaa kwenye uchambuzi, mimi nabaki na kibanda cha vipimajoto na kipimamvua.

Nataka kwenda kusoma. Moyo umegawanyika kati ya shahada ya hali ya hewa pale UDSM na shahada ya sayansi ya bahari. Mjomba wangu anafanya biashara ya dagaa Tanga, yeye kashikilia bahari: "uchumi wa buluu ndio unaimbwa kila kona, huko kwingine utazeekea kwenye shifti." Mimi mtoto wa pwani, na mwanangu yupo kwa bibi yake Pangani, kwa hiyo kurudi karibu na maji ni jambo kubwa kwangu. Hesabu nilifaulu, ila hatujawahi kuwa marafiki.

ZegeLaMwenge
Nyie si ndio mlitangaza mvua nikaahirisha kumwaga zege, jua likawaka hadi magharibi? Soma chochote dada, ila urudi na majibu yangu.

Saa9Usiku
@ZegeLaMwenge utabiri wa mkoa mzima haujui kiwanja chako kiko mtaa gani. Mvua za radi za huku kwetu zinaweza kulowesha Ubungo, huku Mwenge ikabaki kavu. Tuendelee.

Mdogo wangu BintiPangani, mimi ni mstaafu wa kazi hiyo hiyo. Nilianza na kalamu na daftari la kituo kama wewe, nikamalizia kwenye meza ya utabiri. Ushauri wangu: anza na mwajiri, kozi itafuata.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, linawagawa watu wetu makundi mawili, fundi na mtaalamu. Diploma yako inakuweka kwa mafundi. Ili uvuke lazima uwe umemaliza masomo ya msingi wanayoyaita BIP-M: mienendo ya angahewa, joto na nishati, fizikia ya mawingu, uchambuzi wa ramani za hali ya hewa, na mengine. Kwa upande wa usafiri wa anga hilo halina mjadala, maana viwango vinakaguliwa kimataifa. Unaweza kuwa na miaka ishirini kazini na kusoma mawingu kwa macho vizuri kuliko mtu yeyote kituoni, mkaguzi atataka cheti tu. Shahada ya hali ya hewa inakupa BIP-M moja kwa moja. Shahada ya bahari haikupi. Ukirudi nayo kituoni, utakuwa na digrii nzuri na meza ile ile ya zamani.

Sasa, nani kakwambia ukisoma hali ya hewa umeiacha bahari? Nyumba ya pili ya kazi yetu ni bahari. Vuli ya 2019 ilivyotuangamiza na mafuriko, chanzo kilikuwa joto la Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi kupanda kuliko upande wa Indonesia. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 nacho kililelewa na maji ya moto. Tarehe 4 kikatua Mafia, boti za Dar na Zanzibar zikiwa zimeshasimamishwa. Yale matangazo unayoyasikia ya "upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2" yanaandikwa na mtu wa hali ya hewa anayeijua bahari. Anatakiwa aamue kama ni angalizo au tahadhari, akijua kuna nahodha wa jahazi mwenye shehena anasubiri kauli yake, na akikosea upande wowote kuna mtu anaumia, mfukoni au majini. Hiyo ndiyo kazi ninayokuona ukiifanya.

Na usidhani ngazi inaishia hapo. Dkt. Agnes Kijazi aliongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na mwaka 2019 akachaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa WMO. Dkt. Ladislaus Chang'a alichaguliwa makamu mwenyekiti wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2023. Wote watu wa ofisi hizo hizo unazolalamikia.

MwanaBuyu
Assalaam aleikum. Mie nafanya utafiti wa bahari huku Unguja, basi nakusemea la upande wa pili, ambalo mzee kaliruka.

Kwanza ujue mgawanyo. Utabiri wa hali ya hewa umo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, ndiyo maana TMA ni moja bara na visiwani. Uvuvi haumo. Kwa hiyo kwa utafiti wa uvuvi bara wana taasisi yao, TAFIRI, huku tuna yetu, ZAFIRI, uvuvi wa bahari kuu una mamlaka yake ya pamoja, na sisi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari tuko chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjomba wako akisema "bahari" anadhani ni ofisi moja. Ni vyumba vingi vidogo, na kila chumba kina viti vichache.

Pili, ajira nyingi humo ni za samaki, matumbawe, mikoko na mwani. Kama unapenda kupima joto la maji, mikondo, kimo cha maji bandarini, hiyo ni fizikia ya bahari, na watu wake ni wachache mno. Hapo dada yangu ndipo ninapoona bahati yako. Mtu anayejua kifaa, anayejua kuwa kipimo kibovu ni kibaya kuliko kukosa kipimo, huyo tunamtafuta kwa tochi. Wanafunzi wanakuja na digrii hawajawahi kusafisha kihisi kilichoota kombe.

Ila nisikudanganye. Fedha za utafiti zinakuja na miradi, na mradi ukiisha mnatazamana. Kwenda baharini kwenyewe ni kwa kusubiri. Ilipokuja meli ya utafiti Dr Fridtjof Nansen, kila mtu alitaka nafasi. Siku nyingi unakaa na tarakimu za satelaiti na za maboya ya Argo, yale yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi kutuma vipimo. Kama ulikuwa unaota kuvaa miwani ya kuzamia kila asubuhi, ota jengine.

Nyali_Kwetu
Salamu kutoka Mombasa. Huku mambo yako vivyo hivyo, KMFRI ni taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, Idara ya Hali ya Hewa iko kivyake. KMFRI wana meli yao RV Mtafiti, ilitoka Ubelgiji, kwa hivyo wenzetu wa fizikia ya bahari wanapata kidogo cha kufanya. Upande wa hali ya hewa kila kaunti ina mkurugenzi wake, jambo lililofungua nafasi nje ya Nairobi.

Kuna njia ambayo hawajakutajia. BIP-M inaweza kupatikana pia baada ya digrii, ukiwa na msingi wa kutosha wa fizikia na hisabati, kwa stashahada ya uzamili ya hali ya hewa. Nairobi inafundishwa. Kwa hivyo ukisoma bahari yenye fizikia nzito bado mlango haujafungwa. Ukisoma bahari ya samaki, umefungwa.

Kodi_na_Kahawa
Mnampotosha. Jifunze Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, achana na serikali. Kampuni za bima na za kilimo zinahitaji watu wa takwimu za tabianchi.

Saa9Usiku
Python ajifunze, tena aanze leo, kwa sababu hata meza ya utabiri sasa inaendeshwa na modeli za kompyuta. Lakini kijana, mwambie mama mwenye mtoto aache ajira ya kudumu ukiwa umeshampa hiyo kampuni jina na mshahara wake.

BintiPangani
Asanteni sana, sikutegemea majibu mazito hivi. Kaka MwanaBuyu, hiyo ya fizikia ya bahari imenigusa. Nimeanza kuona nisome hali ya hewa kwanza, halafu uzamili ndio niende baharini. Mjomba nitamtafutia lugha. Swali: naogopa kuomba ruhusa ya masomo, bosi wangu anasema kituo kitabaki na watu wachache.

MamaUtumishi
Mdogo wangu, ukishathibitishwa kazini una haki ya kuomba. Usiombe kwa mdomo. Andika barua kupitia kwa bosi huyo huyo kwenda makao makuu, uombe uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, yaani mapema kabla ya Julai. Barua ya udahili ikitoka uiambatanishe. Na usiondoke kituoni hata siku moja kabla hujashika ruhusa ya maandishi, hata kama chuo kimeshafungua, maana hapo kinachosomeka ni utoro kazini.

Saa9Usiku
Na ile shifti ya saa 9 usiku omba upewe wewe. Kati ya taarifa na taarifa kuna muda wa kutosha kufanya maswali ya kalkulasi. Nianzie wapi, utaniuliza: milinganyo tofautishi (differential equations). Njoo inbox nikuelekeze vitabu.