Nolan Ryan ana rekodi kibao, mbona tuzo ya Cy Young hana hata moja?

Msukuma_Texas: Wakuu habari za jioni. Niko huku Texas mwaka wa 3 sasa, beisiboli nilikuwa naiona mchezo wa ajabu tu, watu wamesimama masaa matatu wanatema maganda ya alizeti, ila jamaa wa kazini wameshaniambukiza. Sasa kila nikiingia kantini ni Nolan Ryan, Nolan Ryan, utadhani anacheza kesho kumbe kastaafu 1993. Nimeenda kusoma nikakuta straikauti 5,714, nohita 7, misimu 27 ligi kuu. Halafu Cy Young, ile tuzo ya mrushaji bora wa msimu, hana hata moja! Imekuwaje?

babu_wa_besi: Mkuu karibu chamani. Kwa wasiojua, straikauti ni kumtoa mpigaji kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoshindwa kuipiga), arudi kukaa benchi na gongo lake. Anayemfuata Ryan ni Randy Johnson mwenye 4,875, ona hilo pengo. Nohita ndo balaa, mechi nzima wapinzani hawapati hiti hata moja, yaani hakuna anayegonga mpira akafika besi salama. Sandy Koufax wa Dodgers alikuwa nazo 4, Ryan akaja kumpita 1981 akiwa Houston Astros na aliowafunga mdomo siku hiyo ni Dodgers haohao. Ya saba kaipata Mei 1, 1991 akiwa na Texas Rangers dhidi ya Toronto, ana miaka 44, umri ambao mimi nikipanda ngazi goti linalia.
Sasa shida yake ni woki, yaani ukirusha mipira minne nje ya eneo, mpigaji anatembea bure mpaka besi ya kwanza. Ryan katoa 2,795 na hiyo nayo ni rekodi ya ligi, hakuna anayemsogelea. 1974 walimpima akarusha maili 100.9 kwa saa, kama kilomita 162 hivi, ila mpira unaenda wapi kuna siku hata yeye alikuwa hajui. Ndo maana nohita zote 7 hakuna hata moja iliyokuwa pafekti gemu, yaani mechi ambayo hakuna mpinzani anayefika besi kabisa, kila mara kuna mtu alishamfungulia geti mwenyewe.

Kipanga77: Babu woki sawa ila usimalizie hapo. Wanaopiga kura za tuzo ni waandishi wa habari na enzi hizo walikuwa wanahesabu mechi ulizoshinda basi. 1973 akiwa Angels kapiga straikauti 383, kampita Koufax kwa moja tu na hiyo rekodi ya msimu tangu 1900 mpaka leo ipo, tuzo akapewa Jim Palmer wa Baltimore kisa ushindi 22 kwa 21. Timu ya Palmer inashinda kila wiki, Angels wamemaliza na vipigo vingi kuliko ushindi.

babu_wa_besi: Hapo nakukatalia kijana, Palmer aliruhusu pointi 2.40 kwa kila iningi 9 (yaani mechi nzima), Ryan 2.87. Mwaka ule Palmer alistahili. Ukitaka kulia, lia na 1987. Ana miaka 40, kaongoza ligi yake ya National kwa straikauti 270, kaongoza na kwa kuruhusu pointi chache, 2.76, halafu matokeo yake kashinda 8 kapoteza 16. Ni golikipa kadaka penalti mbili timu yake ikalala moja bila.

Msukuma_Texas: 8 kwa 16?? na ndo alikuwa bora?? Daah

mama_Zai: Mmesahau Mets, timu yake ya kwanza, jamani, kachukua nao ubingwa 1969, pete pekee aliyonayo, halafu mwisho wa 1971 wakambadilisha na Angels wapate mchezaji Jim Fregosi, wenyewe wakijiona wajanja. Baadaye Angels, Astros na Rangers wote watatu wamestaafisha jezi yake, na kuingia ukumbi wa magwiji 1999 alipata kura 491 kati ya 497. Hao sita walitaka nini mimi hata sielewi.

Kipanga77: Na ile ya Robin Ventura 1993? Kijana kapigwa na mpira wa Ryan akamfuata mzee wa miaka 46, akaishia kukabwa kichwa na kula ngumi 😂

Msukuma_Texas: Kumbe ndo ile picha ya kantini! Mi nilijua ni mieleka. Kesho naingia na hiyo 1987, kuna mzee mmoja pale hua anajifanya anamjua Ryan kuliko mama yake mzazi.