Ukoo wetu: Juma anaenda kuwinda

Juma: Shikamooni wote. Ijumaa naingia porini na rafiki yangu kuwinda kulungu, siku nne, leseni ninayo na bunduki ishapimwa. Mtandao huko hamna kabisa kwa hiyo msipige simu mkanikosa mkaanza kuhangaika

Mama Juma: Siku nne bila mtandao na huko si ndiko ulikosema kuna dubu??

Juma: Wapo mama lakini nina bunduki

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Hiyo "nina bunduki" ndiyo imenifanya nivae miwani niandike. Nimefuata nyayo za wanyama na wawindaji miaka mingi, na karibu kila mtu niliyemuona anaumia aliumia BAADA ya risasi sio kabla. Kabla ya risasi mtu yuko macho, anapumua taratibu, anaangalia kila jani. Akishapiga mnyama akaanguka basi akili yote inahamia kwenye nyama, bunduki anaiegemeza mtini hatua kumi huko, anapiga magoti na kisu, kichwa chini, mgongo wazi

Faraj: Mjomba umesema kweli tupu. Mimi nawinda kwenye nchi ya dubu na ni hivyohivyo. Juma jiulize, tunaambiwa porini kwenye dubu tutembee kwa kelele, tuongee, tusitembee alfajiri na magharibi. Sasa mwindaji anafanya nini? Ananyamaza, anatembea alfajiri na magharibi, anaenda upepo ukimpiga usoni ili asinuswe. Yaani kila tunachofanya ili kulungu asitusikie ndicho kinatukutanisha na dubu ghafla hatua chache tu, na dubu akishtushwa hivyo si kila mara atakimbia, hasa jike mwenye watoto

Faraj: Na msimu huu wa kabla ya baridi wanakula mchana na usiku wanatafuta mafuta ya mwilini ya kulalia baridi yote, utumbo wa kulungu kwao ni karamu

Mama Juma: Jamani mnaniua

Dada Zuhura: Mama acha wamfundishe, ndio maana katuambia huku

Juma: Faraj sasa nikishapiga nafanyaje

Faraj: Kwanza mko wawili, basi mmoja anachuna mwingine anasimama analinda. Kusimama kweli, bunduki au spre (kopo la kupuliza pilipili la kumfukuza dubu) mkononi, anazungusha macho. Asishike mguu wa kulungu kusaidia, asiangalie simu. Mkichoka mnabadilishana. Kama kulungu kaangukia kichakani na mnaweza kumburuta mpaka mahali peupe mburuteni kabla hamjafungua tumbo. Nyama itoeni siku hiyohiyo. Ikibidi ilale huko basi itengeni mbali na utumbo, itundikeni juu, tena mahali mtakapoweza kupaona kwa mbali mkirudi

Faraj: Asubuhi usirudi mbiombio kama unarudi dukani. Simama mbali chukua darubini angalia, kunguru wakiwa wengi wanapiga kelele jua kuna mtu wa pili kafika. Njoo na kelele, upepo ukitoka nyuma yako apate harufu yako mapema. Ukikuta nyama imefukiwa udongo na majani, dubu kashaifanya yake na yuko karibu hapo, ondoka taratibu na usirudi kuichukua

Mama Juma: Juma umesikia. Nyama iache. Nyama inanunuliwa

Mjomba Hamisi: Mimi dubu sijamuona maishani, nitasema ninachokijua, mnyama aliyejeruhiwa. Kuna jioni tulipiga nyati, akaingia kwenye majani marefu, mwenye bunduki akataka aingie nyuma yake hapohapo kwa sababu giza linakuja. Nikamwambia keti bwana. Tukakaa kama nusu saa. Nikainama kwenye damu, haikuwa ile nyekundu yenye povu ya mapafu, ilikuwa nyeusi na vipande vya majani yaliyotafunwa, hiyo ni ya tumbo, mnyama wa hivyo anakwenda mbali na ana nguvu zote. Tukaiacha mpaka kulipokucha. Asubuhi tukaona kwenye nyayo alikuwa kazunguka akarudi akalala pembeni ya njia yake mwenyewe, uso unaangalia tulikokuwa tuje. Majani yamelala umbo lake lote. Lau tungeingia jana yake tungempita yeye akiwa ubavuni mwetu

Mjomba Hamisi: Na akianguka usimuendee kichwani wala miguuni. Njoo kwa mgongoni, fimbo ndefu mguse jicho. Mfu jicho lake huwa wazi halipepesi. Ukikuta jicho limefumba piga tena, usione uchungu wa risasi

Juma: Asante mjomba hili la jicho sikulijua

Juma: Spre ninayo, rafiki kanipa, iko kwenye begi

Faraj: BEGI?? Aisee itoe sasa hivi. Dubu anakimbia kilomita 50 kwa saa na zaidi, utafungua zipu saa ngapi. Angalia na tarehe ya kuisha chini ya kopo, hazidumu zaidi ya miaka michache. Alaska walikusanya matukio ya miaka mingi ya watu waliotumia spre, utafiti ukatoka 2008, kwa dubu wa kahawia ilizuia zaidi ya mara 9 kati ya 10. Bunduki ni sawa lakini kumpiga dubu anayekujia mbio, mikono inatetemeka, ni kazi nyingine kabisa na ile ya kupiga kulungu aliyesimama

Faraj: Lenga chini kidogo mbele yake, akifika kama mita tisa achia wingu alikute humo. Usijipake na usipulize kwenye hema kama dawa ya mbu, ile harufu ikishakauka inawavuta. Na USIKIMBIE. Wa kahawia mwenye nundu ya mabega akikugusa lala kifudifudi, miguu uitanue, mikono ifunge shingo nyuma, begi libaki mgongoni, usinyanyuke mpaka ameondoka kabisa. Akiendelea kukung'ata tu hapo pigana. Dubu mweusi yeye usijilaze, pigana toka mwanzo, lenga uso na pua

Dada Zuhura: Na mimi niseme la kwangu kama nesi. Beba bendeji za kutosha na kamba maalum ya kubana mguu au mkono unaomwaga damu nyingi, na ijaribu nyumbani. Lakini nyoka akikuuma USIFUNGE, usichanje, usinyonye. Vua pete na saa kabla hujavimba, mguu usiuchezeshe, wahi hospitali. Na mkodishe kile kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe, rafiki yako hawezi kukubeba peke yake

Juma: Kifaa nitakodi kesho. Mama kila jioni nitakutumia neno moja

Mama Juma: Saa moja kamili. Sio saa mbili

Juma: Sawa mama 🙏

Juma: [picha] Faraj angalia, spre nimeifunga kiunoni kulia

Mjomba Hamisi: Juma, kisu unashika mkono gani?

Juma: Wa kulia

Mjomba Hamisi: Basi umepiga magoti, kulia kuna kisu na damu mpaka kiwikoni. Hiyo spre unaitoaje?

Faraj: 👏👏 Hamishia kushoto au kifuani. Halafu vaa glovu zako za baridi ujaribu kutoa ile pini ya usalama kwa kidole gumba, kopo liko kwenye ala yake. Wengi hawajawahi kuigusa mpaka siku hiyo

Juma: Subirini

Juma: [video] Nimepiga magoti sebuleni, kijiko ndio kisu. Mara ya kwanza glovu imeteleza kwenye pini. Ya tatu nimeitoa

Mama Juma: Nimeona. Rudia tena baba, mpaka isiteleze